Betri iliwekwa Dar es Salaam, maisha yako Mpanda

 Wiki hii tuzungumze juu ya moyo. Simaanishi ule moyo wa mapenzi unaotajwa kila siku katika vipindi vya salamu. Nazungumzia moyo wenyewe, nyama iliyo kifuani, ukubwa wake kama ngumi ya mwenye nao, ambayo haijapumzika tangu tulipokuwa matumboni mwa mama zetu.

Baba yangu mdogo anaishi Mpanda, mkoani Katavi. Ni mstaafu wa reli. Aliporudi kutoka Dar es Salaam akiwa amewekewa betri ya moyo, majirani walifika nyumbani kumpa pole. Wakaamkiana, wakanywa chai, wakauliza habari za safari. Kisha jirani mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, akasogeza kiti na kuuliza kwa sauti ya chini: "Samahani mzee mwenzangu, hivi umeme ukikatika, itakuwaje?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka sana, maana swali lile lilikuwa la haki. Mji wa Mpanda uliishi kwa miaka mingi ukitegemea mashine za dizeli za kufua umeme, mbali na gridi ya taifa. Mtu wa Mpanda anajua maana ya kukatika kwa umeme. Ukimwambia kwamba jirani yake anaishi kwa umeme, ana kila sababu ya kuuliza umeme huo unatoka wapi na utadumu mpaka lini.

Basi leo nitajaribu kumjibu jirani yule. Na katika kumjibu, liko jambo moja ambalo ningependa tulishike sote: betri ya moyo huwekwa hospitalini kwa muda wa saa moja au mbili tu, lakini kazi ya kuishi nayo hufanyika nyumbani, kwa miaka mingi, na kazi hiyo si ya daktari peke yake.

MOYO NA STESHENI ZAKE

Kwanza tufahamu moyo unavyofanya kazi. Baba mdogo hupenda kuueleza kwa lugha ya reli, na mimi sijapata mfano bora zaidi ya huo.

Moyo una vyumba vinne, viwili vya juu na viwili vya chini. Katika chumba cha juu upande wa kulia kuna sehemu ndogo ambayo hutoa umeme mdogo sana. Huyo ndiye mkuu wa stesheni. Kila anapotoa amri, vyumba vya juu hubana na kusukuma damu chini. Amri hiyo hupita katika kituo cha katikati, ambacho ni kama Kaliua, mahali ambapo njia ya Mpanda huachana na Reli ya Kati. Hapo amri husubiri kidogo, kisha huruhusiwa kuendelea hadi vyumba vya chini, navyo hubana kwa nguvu na kupeleka damu mapafuni na mwili mzima. Hilo ndilo pigo moja. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hurudia kazi hiyo zaidi ya mara 100,000 kwa siku.

Sasa, tuseme mkuu wa stesheni amechoka, anatoa amri polepole mno. Au tuseme yeye ni mzima, lakini pale Kaliua waya umekatika, amri haifiki Mpanda. Vyumba vya juu vinapiga, vya chini havina habari. Hapo moyo hupiga mara 40 kwa dakika, au 30, na pengine husimama kwa sekunde kadhaa. Ubongo ukikosa damu kwa sekunde hizo chache, mtu huanguka.

Sababu zake ni nyingi. Uzee ni mojawapo, maana njia za umeme wa moyo huchakaa kama reli zinavyochakaa. Nyingine ni mshtuko wa moyo, maradhi ya misuli ya moyo, baadhi ya dawa, na kwa watoto wachache hitilafu ya kuzaliwa nayo.

HAIKUWA KIFAFA

Baba mdogo alianza kuanguka akiwa na umri wa miaka 66. Mara ya kwanza ilikuwa njiani kutoka sokoni. Mara ya pili alikuwa amekaa barazani. Alikuwa anazimika ghafla, uso unakuwa kama majivu, mwili unatikisika kidogo, na baada ya muda mfupi anaamka na kuuliza kwa nini watu wamemzunguka.

Sisi ndugu zake, nasema bila kuficha, tulimpotezea mwaka mzima. Wengine tulisema ni kifafa. Wengine wakasema ametupiwa kitu na mtu aliyegombana naye kwa ajili ya shamba la mpunga. Mama mmoja wa ukoo akashauri apelekwe kutambika. Katavi ni nchi yenye imani zake za kale: hifadhi ya taifa na mkoa wenyewe vina jina linalohusishwa na Katabi, mzimu wa mwindaji mkuu, na watu bado hupeleka sadaka kwenye mkwaju wake kando ya Ziwa Katavi. Sina nia ya kudharau imani ya mtu. Ninachosema ni kwamba katika mwaka ule wote hakuna hata mmoja wetu aliyemshika mkono na kuhesabu mapigo yake.

Aliyefanya hivyo ni muuguzi, siku alipokwenda kupimwa malaria. Alimshika kifundo cha mkono, akatazama saa, akahesabu, akahesabu tena. Mapigo yalikuwa 34. Siku ile ile akapigwa kipimo cha umeme wa moyo, kile cha kubandikwa nyaya kifuani, mikononi na miguuni na karatasi kutoka ikiwa na mistari. Kipimo hicho hakiumi na huchukua dakika chache. Karatasi ikaonyesha kwamba pale Kaliua waya umekatika.

Kuanguka kwa kifafa na kuanguka kwa moyo huweza kufanana machoni. Mara nyingi wa kifafa hukakamaa na kutikisika kwa muda mrefu zaidi, huweza kuuma ulimi, na akiamka hukaa amechanganyikiwa. Wa moyo mara nyingi huzimika ghafla na kuzinduka upesi akiwa na akili zake. Lakini mimi na wewe tusijifanye waamuzi. Kila aliyezimika bila sababu iliyo wazi, awe mzee au mtoto wa shule, apigwe kipimo cha umeme wa moyo. Akianguka wakati anakimbia au anacheza mpira, asisubiri kabisa.

HEBU TUHESABU PAMOJA

Siku mazungumzo haya yalipotangazwa, tulinyamaza redioni kwa nusu dakika ili wasikilizaji wahesabu. Msomaji, nawe fanya hivyo hivyo. Geuza kiganja juu. Weka vidole viwili vya mkono wa pili, cha shahada na cha kati, chini kidogo ya kifundo, upande wa kidole gumba. Utasikia mgongo wa mshipa ukigonga. Tazama saa, hesabu kwa nusu dakika, zidisha kwa mbili.

Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Mwanamichezo au mtu wa kazi nzito anaweza kuwa na 50 na akawa mzima kabisa. Lakini ukipata 40 au chini yake, na mwenyewe una kizunguzungu, unachoka bure au umewahi kuzimika, nenda hospitali leo. Ukipata zaidi ya 120 umekaa tu, huna homa wala hujakimbia, nenda pia.

Aidha, sikiliza mwendo wenyewe. Mapigo yanakwenda kama askari wa gwaride, au yanakwenda ovyo, mawili upesi, moja linachelewa, matatu kwa pamoja? Kuruka pigo moja mara moja moja humtokea karibu kila mtu. Yakienda ovyo muda wote, hilo ni jambo jingine, na nitalirudia.

KIFAA CHENYEWE

Safari ya Mpanda hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,000. Baba mdogo alipelekwa kwa rufaa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoko Muhimbili, ambayo ilianza kuendeshwa kama taasisi inayojitegemea mwaka 2015. Siku hizi Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo huweka betri za moyo, na kwa mtu wa Katavi hiyo ni nafuu ya safari. Tukumbuke kwamba wakati fulani wagonjwa wetu wengi wa moyo walilazimika kusubiri nafasi ya kupelekwa India.

Betri ya moyo, ambayo wengine huiita pesimeka, ni kidude chembamba cha madini ya titani, kinachoenea kiganjani mwa mtoto. Ndani yake kuna betri ya lithiamu na kompyuta ndogo. Daktari huchoma ganzi chini ya mfupa wa bega, mara nyingi upande wa kushoto, hupasua sehemu ndogo, hupitisha waya mmoja au miwili ndani ya mshipa mpaka moyoni, kisha hukifukia kifaa chini ya ngozi. Kifua hakipasuliwi. Kifaa husikiliza: moyo ukipiga wenyewe, chenyewe hunyamaza. Ukichelewa, hutoa amri.

Basi jirani, jibu lako ni hilo. Umeme wa Mpanda ukikatika, betri haina habari. Ina umeme wake, nao hudumu kwa miaka saba, kumi, pengine zaidi, kutegemea inavyofanya kazi. Na haizimiki ghafla kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Huanza kutoa dalili za kuchoka miezi kadhaa kabla, na dalili hizo huonekana kliniki. Ndiyo maana mtu hatakiwi kukosa kliniki.

Mtu wa kwanza duniani kuwekewa kifaa cha namna hii ndani ya mwili alikuwa Arne Larsson wa Sweden, tarehe 8 Oktoba 1958, huko Stockholm. Kifaa cha kwanza kilikufa baada ya saa chache tu. Wakamwekea kingine, na kingine tena. Larsson alitumia vifaa 26 katika maisha yake, akafariki dunia mwaka 2001 akiwa na umri wa miaka 86, tena kwa saratani, wala si kwa moyo. Siri yake haikuwa kifaa kimoja cha ajabu. Kila kilipochoka, alikuwepo mtu wa kutambua na kukibadilisha.

KUISHI NAYO MPANDA

Wiki sita za kwanza ni za mkono. Mkono wa upande wa betri usiinuliwe juu ya bega, usibebe mzigo mzito, maana waya bado haujashika vizuri moyoni na unaweza kuchomoka. Kwetu hii maana yake ni kwamba hakuna jembe, hakuna kutwanga, hakuna ndoo ya maji kichwani, hakuna kupandisha gunia kwenye baiskeli. Lakini mkono usifungwe kabisa kama uliovunjika, kwani bega litakakamaa. Utumike kwa kazi nyepesi. Baada ya hapo daktari akiridhika, mtu hurudi shambani. Anaweza kulima, kuendesha baiskeli, kucheza ngoma, kukaribiana na mwenzi wake, na mwanamke anaweza kubeba mimba na kujifungua akiwa chini ya uangalizi wa wataalamu.

Kidonda kikauke bila kuchokonolewa. Kikivimba, kikiwa chekundu, kikitoa maji au usaha, hata kama ni mwaka wa tatu, mgonjwa arudi hospitali mara moja. Usaha ukiingia kwenye betri husafiri na waya hadi moyoni, na mara nyingi hapo hulazimu mtambo wote kutolewa. Kwa sababu hiyo, na hili nalisema kwa msisitizo, mtu mwenye betri asichanjwe chale kifuani, asiumikwe pembe, asibandikwe dawa ya majani juu ya kovu. Nia inaweza kuwa njema, lakini wembe ule unaweza kuharibu kazi yote.

Simu isiwekwe mfuko wa shati. Iwe walau sentimita 15 kutoka kwenye betri, na isikilizwe kwa sikio la upande wa pili. Baadhi ya simu mpya zina sumaku mgongoni. Sumaku ikikaa juu ya betri huifanya iache kusikiliza moyo, ipige tu kwa mwendo mmoja mpaka sumaku iondoke.

Hapa mimi mtu wa redio nina la kuungama. Baba mdogo ana tabia ya kulala chali na kuweka redio yake ndogo juu ya kifua ili asikilize taarifa ya habari usiku. Ndani ya spika ya redio kuna sumaku. Mama mdogo ndiye aliyemkamata. Sasa redio inakaa juu ya stuli, na mama mdogo anasema afadhali, kwa kuwa hata yeye analala.

Wenye kazi za kuchomelea vyuma, wenye jenereta kwenye machimbo ya dhahabu, wenye mashine za kusaga, wamwulize daktari kwanza. Kwa jumla, injini inayonguruma iwe umbali wa urefu wa mkono, na mashine ya kuchomelea walau sentimita 60, nyaya zake zisizungushwe mwilini. Ukihisi kizunguzungu, acha, ondoka, na hali hutulia. Barabara mbovu nayo ina mchezo wake. Baadhi ya betri hutambua mtikisiko wa mwili na kudhani mtu anatembea, hivyo mapigo huongezeka kidogo juu ya bodaboda au ndani ya basi linalorukaruka. Hiyo si hatari.

Picha ya eksirei haina neno. Mtambo mkubwa wa sumaku unaopiga picha za ubongo na uti wa mgongo ni suala jingine. Baadhi ya betri huruhusu, nyingine haziruhusu, kwa hiyo lazima useme kabla. Kadhalika useme kabla ya upasuaji wowote. Kwenye kiwanja cha ndege onyesha kadi, pita mlangoni bila kusimama, na kile kifaa cha mkononi kisishikiliwe juu ya kifua.

KADI NA TAREHE

Nimetaja kadi. Kila mwenye betri hupewa kadi yenye aina ya kifaa, namba zake, siku kilipowekwa na hospitali iliyokiweka. Kadi hii si ya kufungia sandukuni pamoja na hati ya shamba. Mtambo wa kusomea betri haupo kila hospitali, na betri ya kiwanda hiki husomwa na mtambo wa kiwanda hiki. Mgonjwa akifika mahututi bila kadi, daktari anaanza kukisia. Kwa hiyo kadi itembee na mwenyewe, picha yake iwe kwenye simu ya mke, ya mtoto, na ya jirani mmoja anayeaminika.

Halafu tarehe. Kliniki ya kwanza ni ndani ya miezi michache, kisha kila miezi sita au mwaka. Hapa ndipo watu wa mbali wanapopotea. Baba mdogo alipopata nguvu alisema: "Nimepona, niende Dar es Salaam kufanya nini?" Akakosa kliniki mbili. Nauli ilikuwa sababu, na msimu wa kuvuna mpunga ukawa sababu, lakini sababu kubwa ilikuwa kwamba hasikii maumivu. Kwa hakika betri inayochoka haiumi. Waya unaolegea hauumi. Siku ya kuuma ni siku ya kuanguka.

Tulikaa kikao cha familia. Mmoja akachukua nauli ya Januari, mwingine ya Julai. Mjukuu wa darasa la sita akapewa kazi ya kumhesabia babu mapigo kila Jumapili na kuandika kwenye daftari. Daktari alitueleza kwamba betri ya baba mdogo imepangwa isiruhusu moyo kushuka chini ya 60. Kwa hiyo tukihesabu dakika nzima tukapata 45, tena na tena, hata kama mzee anacheka, ni lazima aende hospitali. Hospitali isiyo na mtambo wa kusoma betri inaweza walau kupiga kipimo cha umeme wa moyo na kuona kama amri za betri zinafika. Daftari lile la shilingi mia kadhaa limekuwa kiungo chetu kati ya Mpanda na Dar es Salaam.

Na wenye mamlaka nao wana sehemu yao. Madaktari wa taasisi ya moyo wamekuwa wakizunguka mikoani kupima watu. Ni jambo la kushukuru. Ningeomba kwamba kila safari ya namna hiyo ikumbuke pia wale ambao tayari wana betri, wasomewe huko huko waliko. Kumleta mzee na msindikizaji wake zaidi ya kilometa 1,000 kwa kipimo cha dakika 20, kisha kumrudisha, ni gharama ambayo familia nyingi hazitaibeba kwa miaka kumi.

MAPIGO YANAYOKWENDA OVYO

Niliahidi kurudi kwenye mapigo yasiyo na mpangilio. Hapa tatizo si mkuu wa stesheni kulala. Hapa kila mtu stesheni anatoa amri. Vyumba vya juu vinatetemeka badala ya kubana, damu inatuama kwenye kona, inaganda, na kipande kikisafiri hadi kwenye ubongo mtu anapata kiharusi. Hatari ya kiharusi kwa mwenye maradhi haya ni kama mara tano ya mtu wa kawaida. Kwetu wapo vijana wanaoyapata kwa sababu vali za moyo ziliharibiwa na homa iliyotokana na madonda ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Mzazi, mtoto mwenye koo linalouma na homa apelekwe zahanati. Akionekana ana madonda yanayoletwa na bakteria, penisilini ya leo inaweza kuokoa moyo wa kesho.

Wagonjwa hawa wengi hawahitaji betri. Huhitaji dawa za kupunguza mwendo, na dawa ya kuzuia damu isigande, ambayo kwa wenye vali zilizobana ni wafarini. Wafarini ni dawa ya kuheshimiwa. Ikipungua, damu inaganda. Ikizidi, mtu anavuja damu. Hupimwa kwa damu mara kwa mara. Mchicha, kisamvu na matembele hupunguza nguvu yake, lakini usiviache. Kula kiasi kile kile kila wiki, usile kisamvu siku saba mfululizo baada ya mwezi mzima wa dagaa. Flajili, septrini na vidonge vya kutuliza maumivu kama diklofenaki vinaweza kuleta hatari ya kuvuja damu, kwa hiyo usinunue dukani kwa kukisia. Ukienda kutibiwa malaria, taja moyo wako kabla hujapewa dozi, maana baadhi ya dawa za malaria hugusa mapigo.

KIFAA CHA KUSHTUA

Kipo pia kifaa kingine, ndugu wa betri, ambacho kazi yake ni kuushtua moyo unapoanza kwenda mbio za kuua. Wapenzi wa soka wanakijua bila kukijua. Tarehe 17 Machi 2012 Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa aliyekuwa akiichezea Bolton, alianguka uwanjani London. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78. Aliokolewa, akawekewa kifaa hicho, akaacha soka mwaka huo huo. Tarehe 12 Juni 2021 Christian Eriksen wa Denmark alianguka mjini Copenhagen. Naye aliwekewa, na mwaka 2022 akarudi kucheza.

Kifaa kile kikipiga, mwenyewe husikia kama teke la kifuani. Aliyemshika hadhuriki. Kikipiga mara moja na mtu akawa sawa, ampigie simu daktari wake siku hiyo. Kikipiga mara mbili au zaidi, au mtu akawa hoi, ni hospitali bila kungoja.

Lakini angalieni: Muamba na Eriksen hawakuwa na kifaa siku walipoanguka. Waliokolewa kwanza na watu waliopiga magoti na kukandamiza kifua. Mtu akizimika, haitiki na hapumui sawasawa, ita msaada, weka viganja viwili katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu, kina cha sentimita tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache. Hata akiwa na betri, kandamiza.

Kwa kumalizia, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Familia yetu ilikaa na ufa mwaka mzima, tukibishana nani kautia, na hatukujenga ukuta kwa sababu tu muuguzi mmoja alitazama saa yake. Baba mdogo sasa anaenda kliniki. Jirani yule aliyeuliza juu ya umeme ndiye mwenye nakala ya kadi yake kwenye simu, na jioni umeme unapokatika hupita uani na kuita, "Mzee, bado unawaka?" Naye hujibu kutoka gizani kwamba bado anawaka.

Kabla hujalikunja gazeti hili, mshike mkono mzee wako, uhesabu.